Waya Uliofichwa na Fundi Ajaye

Leo, wasikilizaji wangu, nitawaomba mtazame juu. Nataka tuzungumzie dari, hasa hizi dari mpya nyeupe za jipsamu, na nyaya zinazolala juu yake.

Ukitoka Arusha mjini ukafuata barabara ya Moshi, ukapita Tengeru, ukafika kwetu Makumira na kuendelea hadi Usa River, utakuta nyumba nyingi zimebadilika ndani kuliko nje. Nje ni bati lile lile na migomba ile ile. Ndani, ile balbu moja iliyokuwa ikining'inia katikati ya sebule haipo tena. Zimekuja taa ndogo kumi, kumi na mbili, zimezama darini, na nyuma ya ukingo wa dari kumepitishwa utepe wa LED unaotoa mwanga wa buluu wakati wa taarifa ya habari. Mgeni akiuliza umeme umepita wapi, mwenye nyumba anajibu kwa fahari: "Umefichwa."

Umefichwa nani asiuone? Kama ni mgeni anayekunywa chai, sawa, hana haja ya kuhesabu nyaya zetu. Lakini yuko mtu mwingine ambaye hajafika bado. Ni fundi atakayepigiwa simu miaka mitano au saba ijayo, usiku wa msiba au asubuhi ya kipaimara, nusu ya taa za nyumba zikiwa zimezimika. Huyo naye tukimficha, tumejikomoa wenyewe. Kuficha nyaya vizuri ni kumridhisha mgeni bila kumpoteza fundi, na nyumba nyingi ninazoingia siku hizi zimemridhisha mgeni tu.

Wazee hawakuwa na tatizo hili kwa sababu hawakuficha. Chuo cha theolojia cha Kilutheri kilihamia hapa Makumira kutoka Lwandai kule Usambara mwaka 1954, na miaka hiyo fundi umeme wa Afrika Mashariki alikuwa na njia mbili za heshima za kutandaza nyaya. Ya kwanza ni mabomba ya chuma. Ya pili, ambayo wengi wenye umri wangu wanaikumbuka, ni ubao mwembamba uliopigiliwa ukutani au darini, juu yake waya wenye gamba la mpira, umebanwa kwa vibanio vidogo vya bati vilivyopangwa kwa nafasi sawasawa. Haukuwa wa kupendeza. Ulikusanya vumbi, na mjusi aliufanya barabara yake. Lakini fundi alisimama mlangoni, akatembeza macho kutoka kwenye swichi hadi kwenye taa, akajua sakiti nzima kabla hajafungua mkoba.

Ukikuta bado unaishi na waya wa namna hiyo, usivutiwe na uzee wake. Mpira ule hukaushwa na joto la darini na miaka. Ukiukunja unapukutika, shaba inabaki uchi. Kuanzia miaka ya 1950 na 1960 plastiki ya PVC ndiyo iliyochukua nafasi yake, na tangu hapo hakuna sababu ya kuunga taa mpya kwenye waya wa mpira. Hapo ushauri ni mmoja tu: toa wote, hadi kwenye meni swichi. Mafundi wengine watakwambia, "Mzee, tuuache huo, tuufunike tu kwa jipsamu." Mwambie hapana.

Halafu kuna nyumba zilizoingia kwenye umeme kwa mlango mwingine. Juu kidogo ya barabara kuu, kuelekea Nkoaranga na Poli, kaya nyingi zilisubiri nguzo kwa miaka mingi. Kuna kichekesho kidogo hapa, nikipitie haraka. Maji ya mito yetu, Usa, Nduruma na mingineyo, huteremka hadi Kikuletwa, yakaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, yakashuka mto Pangani na kuzungusha mitambo ya Hale, ambayo ilianza kazi 1964. Yaani mito yetu imewasha taa za watu wengine muda mrefu, huku bibi aliyekaa kando ya mfereji akisoma Biblia kwa koroboi. Sheria ya nishati vijijini ikatungwa 2005, wakala wake, REA, ukaanza kazi 2007, na baadaye ada ya kuunganishiwa kijijini ikashushwa hadi shilingi 27,000. Ikaonekana sasa kwamba ada si kikwazo tena, kikwazo ni kutandaza nyaya ndani ya nyumba. Ndiyo maana kukaja kile kibao cha UMETA, Umeme Tayari, chenye swichi, soketi na kinga zake pamoja, ili mwenye chumba kimoja au viwili apate taa bila kupasua ukuta.

Lakini kabla ya nguzo watu walikuwa na sola. Paneli moja juu ya bati, betri chini ya kitanda, na nyaya nyembamba, mara nyingi zile za spika, zimepitishwa juu ya kenchi hadi vyumbani. Umeme wa TANESCO ulipofika, wengi walifanya jambo linaloonekana la akili: waliacha nyaya zile zile, wakabadilisha balbu tu. Nyaya zilikwisha kufichwa, za nini kuhangaika?

Hapo inabidi tufanye hesabu ndogo, na msiogope. Chukua wati, gawanya kwa volti, unapata ampea. Taa ya wati 10 kwenye betri ya volti 12 inavuta karibu ampea 0.83. Taa ya wati 10 kwenye umeme wa TANESCO wa volti 230 inavuta ampea 0.04. Maana yake waya ule mwembamba ulikuwa ukibeba mzigo mkubwa zaidi enzi za sola kuliko sasa. Mzigo wa taa hautauchoma. Kinachotisha ni ngozi yake. Gamba la waya wa spika halikutengenezwa kuzuia volti 230, tena halina waya wa ethi. Panya akilitafuna kidogo, au likichubuliwa na ukingo wa bati, hakuna kilichobaki kati ya umeme na mkono wa mtoto anayeanua nguo. Na nyumba ina watu wengi. Mwenye nyumba anajua waya ule ni wa taa, lakini shemeji aliyekuja likizo hajui. Ataweka soketi pale pale na kuchomeka birika la wati 2,000. Hiyo ni karibu ampea tisa kwenye waya uliozoea chini ya moja, tena juu ya mbao kavu.

Kwa hiyo nyaya za sola, ukishapata umeme mkubwa, zivue au uziache zibaki za sola. Zisichanganywe. Wapo wanaobakiza taa mbili za betri kwa ajili ya siku umeme unapokatika, nami nawaunga mkono. Ila ziwe na paipu yake na swichi zenye alama.

Sasa turudi kwenye jipsamu, maana huko ndiko ninakotaka kukaa.

Taa za LED zimetupa zawadi ambayo hatujaitambua. Balbu ya zamani ya wati 60 leo inabadilishwa kwa LED ya wati nane au tisa na mwanga usipungue. Taa kumi na mbili za wati saba saba ni wati 84. Gawanya kwa 230: hazifiki nusu ampea. Waya wa milimita za mraba moja na nusu, ule ambao mafundi wanauita moja nukta tano, unatosha na kusaza. Kwa hiyo fundi akikutisha kwamba taa mpya nyingi zinataka waya mnene, anataka kuuza waya.

Penye taa nyingi, palipo dhaifu ni kwenye viungo. Balbu moja ya katikati ilikuwa na kiungo kimoja. Taa kumi na mbili zina viungo kumi na mbili, kila kimoja kikipokea umeme na kuupeleka kwenye taa inayofuata. Na viungo hivyo vinafungwaje? Nyaya zinasokotwa kwa koleo, zinazungushiwa tepu nyeusi, zinatupwa juu ya jipsamu. Chini ya bati mwezi wa Januari darini kunawaka. Gundi ya tepu inalainika, tepu inajikunjua yenyewe, kiungo kinalegea. Kiungo kilicholegea kinapata joto, joto linakilegeza zaidi. Taa inaanza kupepesa. Wewe kule chini unalaumu TANESCO.

Kuna jambo jingine ambalo wauza duka hawalisemi. Juu ya boksi la taa pameandikwa saa 25,000 na zaidi, na huenda vile vijiwe vinavyotoa mwanga vikafika huko. Lakini kila taa ya kuzama ina kijiboksi cha kubadilisha umeme, ambacho mafundi wanakiita draiva, na hicho mara nyingi hufa kwanza, kwa joto au kwa umeme unaopanda na kushuka. Kwa hiyo si suala la kama dari yako itafunguliwa. Itafunguliwa. Suala ni kama itafunguliwa kwa mkono au kwa msumeno.

Na hapa jipsamu ina baraka yake. Tundu la taa lenyewe ndilo mlango. Taa ya kuzama imeshikwa kwa springi mbili. Unaivuta chini, inatoka, na mkono wa mtu mzima unaingia kama si wote basi nusu yake. Fundi mwenye akili hupanga kazi yake yote kwa kufuata milango hiyo. Kila kiungo anakiweka ndani ya kiboksi chenye kifuniko, nyaya zimebanwa kwa konekta ya skrubu, na kiboksi anakiacha mahali ambapo mkono ulioingia kwenye tundu unakifikia. Anabakiza waya wa ziada kiasi cha kuiwezesha taa kushuka hadi chini ya dari ikafanyiwa kazi bila kukatwa. Katikati ya matundu hakuna kiungo hata kimoja, ni waya mzima usiokatwa, ndani ya paipu ili panya asiufikie. Ukiwa na dari ya namna hii, miaka saba ikipita fundi mgeni atakuja na ngazi na bisibisi, atamaliza kabla chai haijapoa.

Dari isiyo ya namna hii nimeiona ikitobolewa matundu manne kutafuta kiungo kimoja. Kisha anakuja fundi jipsamu kuziba, anakuja fundi rangi, rangi haifanani, dari yote inapakwa upya. Gharama ya viboksi na konekta ingekuwa bei ya kuku wachache wa kienyeji.

Lawama si ya fundi umeme peke yake. Fundi jipsamu na fundi umeme ni watu wawili, na kila mmoja ana haraka yake. Fundi jipsamu analipwa kwa mita za mraba, akimaliza hapa anakimbilia nyumba nyingine Maji ya Chai. Akiona upande umeshapigwa fremu, anafunga. Fundi umeme akija kesho yake anakuta bodi zimeshapanda, anaanza kuchokonoa nyaya gizani kwa ufito. Mwenye nyumba, wewe ndiye msimamizi. Bodi isipande mpaka nyaya zote ziwe zimelazwa, zimebanwa, na umeziona kwa macho yako. Zile fremu za bati zinazobeba jipsamu zina kingo zenye makali kama wembe. Waya ukilazwa juu yake bila paipu, ukasukumwa na bodi, ngozi inachubuka na fremu nzima ya dari inashika umeme bila dalili yoyote. Ndiyo maana sakiti ya taa za namna hii nataka iwe chini ya kile kifaa kinachokata umeme unapovuja, cha miliampea 30, ambacho mafundi wanakijua kwa jina la RCD. Kinauzwa mjini. Kama kwenye meni swichi yako hakipo, anza nacho kabla ya taa za mapambo.

Na simu yako hiyo ya mkononi, ambayo unapigia picha pilau, ipige picha dari kabla haijafungwa. Piga kila upande, futi ya kupimia ikiwa imetandazwa ndani ya picha ili mtu ajue waya umepita umbali gani kutoka ukutani. Chapisha karatasi moja, ibandike ndani ya mlango wa meni swichi. Simu hupotea na namba hubadilika, ila karatasi iliyoko kwenye meni swichi fundi ataiona tu, kwa sababu hakuna fundi anayeanza kazi pengine.

Tushuke ukutani. Hapa sitakaa sana, maana kwenye ukuta wa tofali za saruji kazi yenyewe inajulikana: unapitisha paipu ya milimita 20 ndani ya mfereji uliochongwa kwa grainda na tindo, unaziba kwa plasta. Kinachosahaulika ni mwelekeo. Paipu iende wima au mlalo kutoka kwenye swichi au soketi, isikate kona kwa mshazari kuokoa waya. Mtu anayetaka kupigilia msumari wa kalenda anaiona swichi, anajua juu yake na chini yake kuna waya, anahama. Waya uliopita mshazari hautabiriki na mtu yeyote. Kwa kina cha mfereji, Waingereza, ambao ufundi wetu wa umeme umerithi mengi kwao, wana kipimo kizuri: mfereji wa wima usizidi theluthi moja ya unene wa ukuta, na wa mlalo usizidi sehemu moja ya sita. Mlalo unaruhusiwa kidogo kwa sababu unakata ukuta tumboni, mahali unapobeba mzigo wa kila kilicho juu.

Faida kubwa ya paipu huonekana siku ya kubadilisha. Unafunga waya mpya kwenye mkia wa ule wa zamani, unazungushia tepu iwe laini, mmoja anavuta upande huu, mwenzake anasukuma upande ule, wa zamani unatoka na mpya unaingia. Ukuta haujaguswa. Hilo linawezekana ikiwa aliyetangulia hakuijaza paipu hadi shingoni. Mafundi waliosoma huacha zaidi ya nusu ya nafasi ndani ya paipu iwe wazi, na hawaweki kona zaidi ya mbili kali kati ya kiboksi na kiboksi. Aliyezika waya mtupu ndani ya plasta ameokoa bei ya paipu na kukuachia deni. Najua huko Uingereza kuna waya wenye magamba mawili unaoruhusiwa kulazwa moja kwa moja chini ya plasta ukifuata njia zilizopangwa. Kwetu, ambako kila mtoto akianza kazi anaongeza chumba na kila chumba kinahamisha swichi, mimi sikubaliani nao.

Si kila ukuta unakubali tindo. Wenzetu wa Mji Mkongwe wa Zanzibar wanalijua hili kuliko sisi. Kuta zao ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kuliko urefu wa mkono wako kutoka kiwiko hadi vidole, na dari zimebebwa na boriti za mikoko. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Seyyid Barghash mwaka 1883, linasifika kuwa jengo la kwanza Zanzibar kuwa na umeme. Mji wote ukaingizwa na UNESCO kwenye urithi wa dunia mwaka 2000. Huwezi kuingia na grainda kwenye ukuta wa namna hiyo. Chokaa ni laini na inapitisha unyevu. Ukiichonga na kuiziba kwa saruji, umezuia unyevu upande mmoja na utatokea mwingine, plasta ikivimba. Basi fundi wa kule hana budi kupitisha waya juu ya ukuta, na ustadi wake ni kuchagua njia ambayo jicho haliifuati: kando ya boriti upande wa kivuli, juu ya fremu ya mlango, kwenye kona ya dari. Huko kuficha ni kazi ya kivuli na rangi.

Ufundi huo huo wanao wanaotengeneza vyumba vya ndani vya mashua za tanga, zile zenye kitanda, jiko dogo na taa za betri. Chumba ni kidogo, kila ubao umepinda, bahari inatikisa, chumvi inakula. Waya wao ni wa nyuzi nyingi nyembamba, kwa sababu waya wa uzi mmoja mnene ukitikiswa miaka miwili unakatika ndani ya ngozi bila wewe kujua, na kila uzi umepakwa bati nyeupe ili chumvi isiigeuze shaba kuwa ya kijani. Ubao unaofunika nyaya haugundishwi, unafungwa kwa skrubu. Baharini kwenye giza huwezi kumpigia fundi.

Mtanicheka, mashua na Makumira wapi na wapi? Lakini sisi watu wa Arusha tunazo mashua zetu, ziko barabarani kila alfajiri. Ni zile Land Cruiser za safari. Gereji za Arusha zinaichukua gari, zinaikata, zinairefusha, zinaiwekea paa linalonyanyuka, friji, taa za kusomea, soketi za kuchajia kamera. Umeme ni wa betri kama wa mashua. Badala ya mawimbi tuna ile barabara ya matuta matuta ya kwenda Serengeti, ambayo inalegeza hata meno. Badala ya chumvi tuna vumbi la Ngorongoro. Na mtalii aliyelipa fedha nyingi hataki kuona waya.

Nendeni mkaangalie fundi mzuri wa umeme wa magari anavyofanya, mtajifunza jambo la kurudi nalo nyumbani. Fyuzi anaiweka karibu kabisa na betri, siyo karibu na taa, kwa sababu waya utakaochubuka njiani lazima uwe umeshapita kwenye kinga. Kila waya unapopenya bati, tundu limevishwa raba. Paa linaponyanyuka, waya umeachiwa mzingo wa kulifuata, haujivuti. Waya wa friji una alama yake mwisho huu na mwisho ule. Akifungua bitana la pembeni porini, na simu haishiki mtandao, anajua anachokitazama. Dereva aliyelala mara moja na friji iliyozima na nyama ya wageni ndani hatakubali tena waya usio na alama. Majumbani hatuna njaa hiyo ya kutufundisha, ndiyo maana tunazembea.

Nimalizie na kupima, maana waya ukishafichwa jicho limekwisha kazi yake. Kuna kipimo ambacho mafundi wanakiita mega. Kinasukuma volti 500 kwenye waya ambao haujaunganishwa na umeme, kikapima kama ngozi yake inavujisha. Kwa sakiti ya nyumba, jibu lisipungue megaohmu moja, na waya mpya mzima hutoa zaidi sana ya hapo. Draiva za LED zichomolewe kwanza, zisije zikafa kwa kipimo. Fundi apime kabla dari haijafungwa, na apime tena baada ya kufungwa, kwa sababu skrubu ya jipsamu haichagui pa kuingia. Fundi mwenye leseni ya EWURA anapaswa kuwa na kifaa hiki au kujua pa kukipata. Ukimtajia mega akaanza kucheka, kazi yako mpe mwingine. Vijana wanaotoka Chuo cha Ufundi Arusha na VETA wanakijua.

Wewe usiye na mega una LUKU. Zima kila kitu, chomoa kila kitu, hata chaja, halafu tazama kile kitaa kinachopepesa kwenye mita. Kikiendelea kupepesa wakati hakuna kinachotumia umeme, kuna mahali unavuja, na uniti zako zinaliwa na ukuta. Usipande darini. Mwite fundi.

Kuna msikilizaji wa huko Akheri ameniuliza swali ambalo nilikuwa nimelihifadhi. Nyumba ya mama yake ni ya tofali za udongo, imepigwa plasta nyembamba, na fundi aliyegusa ukuta kwa tindo aliondoka na kipande kikubwa kama sinia. Mama anataka taa chumbani, hataki waya uonekane, na usiku hataki kutembea gizani kuitafuta swichi. Dada, usiuguse ukuta huo tena. Pitisha kila kitu juu ya dari, ndani ya paipu, na swichi iwe darini: ile swichi ya kamba, unavuta mara moja inawaka, unavuta tena inazima. Ining'inize karibu na kichwa cha kitanda. Hapo ukutani hamtakuwa na waya hata mmoja wa kuficha. Kama duka la kwanza hawana, ulizia maduka mengine ya vifaa vya umeme mjini, usikubali kuambiwa hazitengenezwi tena. Wajukuu wataivuta vuta wiki nzima ya kwanza, mwambie mama awavumilie.